Vyuma Viwili vya Magurudumu ya Mbele

Tarehe kumi na moja mwezi wa tatu, mwaka 1976, nilimpoteza mke wangu Paulina na mtoto aliyekuwa tumboni mwake. Alikufa ndani ya gari la kijiji, kwenye kona ya tatu ya barabara inayopanda mlima wa Lyamba lya Mfipa, na mimi sikuwepo.

Ninyi rafiki zangu wa Chala mmeniandikia mkiuliza ilikuwaje. Nimejaribu kuwajibu mara mbili nikachana karatasi. Hapa kijijini nimesifiwa mkutanoni kwa jambo nililolifanya siku ile, na huenda sifa hiyo imeshawafikia. Nawaomba msiipokee kabla hamjasoma haya.

Kutoka kijijini mpaka Milepa

Kijiji chetu kiko bondeni, upande wa ziwa, ambako tulikusanywa mwaka juzi kutoka vitongoji vingi. Mimi ndiye mtunza ghala: mbegu, chumvi, sukari, majembe, mbolea. Paulina alishikwa na uchungu Jumatano asubuhi. Usiku kucha hakujifungua. Kulipopambazuka Alhamisi, mkunga wa zahanati alinitoa nje akaniambia mtoto amelala kukingama, hawezi kutoka kwa njia yake, na mama lazima apasuliwe Sumbawanga siku hiyo hiyo. Hakuniambia itakuwaje siku hiyo ikipita. Sikumwuliza.

Tuliondoka watu wanne. Paulina alilala nyuma ya pikapu juu ya godoro la nyasi, chini ya turubai. Dada yake mkubwa, shemeji Melania, alikaa naye akimshika kichwa. Mbele tulikuwa mimi na dereva, Ambakisye, mtu wa Mbeya aliyeletwa kwetu baada ya mavuno. Ni Mmoraviani, hana maneno mengi, na akiwa na wasiwasi hupiga mluzi wa nyimbo za kanisani. Siku hiyo alianza kupiga mluzi kabla hatujatoka uwanjani.

Karibu na Milepa tulikuta watu kama arobaini wakipalilia mahindi katika shamba la kijiji chao, lile la bega kwa bega. Walipoona pikapu, msimamizi wao akapuliza filimbi. Wale waliokuwa wamekaa wakainuka, wakajipanga mstari, wakaanza kuimba. Walidhani ni mkaguzi kutoka wilayani. Msimamizi akasimama katikati ya barabara, akavua kofia, akaanza kutueleza ekari walizolima, na sababu za zile wasizolima: nguruwe, magugu, na homa iliyomshika yeye mwenyewe. Ambakisye akamwambia tumebeba mgonjwa.

"Ndiyo, ndugu," akasema. "Wagonjwa ni wengi. Ndiyo maana palizi imechelewa."

Chini ya turubai nikasikia Paulina anacheka. Kicheko kilikatika kwa maumivu, lakini kilikuwa kicheko. Kuanzia hapo sikukisikia tena.

Yule msimamizi alipochungulia na kuona mwenyewe, aliona haya sana. Akamwita mama mmoja, naye akaleta kibuyu cha togwa na mihogo ya kuchemsha kwenye jani la mgomba. Paulina alilowesha midomo tu, kwa sababu mkunga alikataza asile kabla ya kupasuliwa. Melania alikataa, alisema ni Kwaresima. Mimi nilikula. Nakumbuka nilikula mihogo yote, mpaka Ambakisye akaniomba kipande.

Mguu wa mlima

Baada ya Milepa kuna mto ambao wakati wa kiangazi watu huvuka bila kuvua viatu. Asubuhi ile maji yalifika magotini. Ambakisye alishuka, akauvuka kwa miguu huku akipima kwa fimbo, akarudi, akatuvusha polepole. Chini palikuwa na changarawe na gari halikusumbua. Nilidhani tumemaliza kazi ngumu. Nikageuka nikamwambia Paulina kupitia dirisha dogo la nyuma kwamba saa sita tutakuwa hospitali. Akanikubalia kwa macho.

Kisha ukaanza udongo mwekundu.

Kona ya tatu

Kona ya kwanza tulipita. Ya pili tulipita kwa kuyumba. Ya tatu magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka mahali pamoja, gari likateleza kwa kitako likaingia mtaroni. Ilikuwa saa tatu.

Ambakisye hakushtuka. Alisema hapa ndipo fowili inapofanya kazi. Fowili ni gia ya pili inayofanya magurudumu ya mbele nayo yavute. Siku zote gari letu lilivutwa na ya nyuma peke yake. Alikandamiza kirungu cha njano, akatia gia, akakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yalitupa matope mpaka juu ya turubai. Akavuta kirungu chekundu, ambacho ni cha nguvu zaidi. Ikawa vile vile.

"Mzee, hebu angalia ya mbele kama yanazunguka."

"Hayazunguki."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Wakati huo mtu mmoja aliteremka kutoka shamba la ulezi lililo juu ya barabara, jembe begani. Jina lake Deusi. Aliishi pale peke yake kwenye kibanda akifukuza ngedere. Ni mwembamba, miguu mirefu, umri kama miaka thelathini. Aliniamkia, akachungulia chini ya turubai, akaweka jembe lake ndani ya gari bila kuuliza lolote na kuanza kukata matawi ya kutandika chini ya magurudumu. Tulitandika matawi, tukatandika mawe, tukasukuma. Gari lilizidi kuzama.

Hapo Ambakisye akazima injini. Alisema gari lisilovuta mbele ugonjwa wake uko tumboni au uko miguuni, na lazima tujue uko wapi. Akazuia magurudumu kwa mawe makubwa, akanifundisha kukanyaga na kuachia klachi, akawasha injini tena, akalala chini ya gari kwenye matope. Nilipoachia klachi alitazama ile shafti ndefu inayokwenda mbele. Akatoka akiwa mwekundu mwili mzima.

"Inazunguka," akasema. "Tumbo ni zima."

Basi miguuni. Yeye na Deusi walitafuta jiwe bapa, wakaweka jeki juu yake, wakainua gurudumu la mbele la kushoto. Injini ilikuwa imezimwa tena na gia ziko ndani, kwa hiyo gurudumu lilitakiwa kuwa gumu kama limefungwa. Ambakisye alilisukuma kwa kidole kimoja likazunguka kama la baiskeli. Akasema huenda shafti fupi ya ndani imekatika. Akakwangua matope katikati ya gurudumu, akafungua bolti sita kwa spana, akabandua kifuniko. Kilikuwa bati. Kwa ndani bado kilikuwa na maandishi ya debe la mafuta ya kupikia. Nyuma yake ncha ya shafti ilikuwa imesimama katikati ya tundu na meno yake yote mazima, haijagusa kitu.

Alichuchumaa pale akiangalia. Kisha akaenda upande wa kulia akafungua na huko. Vile vile.

"Hapa palikuwa na chuma," akasema. "Cha duara, kama kisahani, kina meno katikati na matundu sita pembeni. Ndicho kinachoshika shafti na gurudumu viende pamoja. Vilikuwa viwili. Mtu ameviondoa."

Nikajua.

Mwaka juzi petroli ilipokuwa haba tulikaa kikao cha kijiji. Dereva wa wakati ule alitueleza kwamba vyuma fulani vikitolewa mbele, gari huenda jepesi na petroli hubaki. Tulimpigia makofi. Kesho yake alinikabidhi vyuma viwili vimefungwa kwenye kipande cha gunia, akaniambia siku vikihitajika nimpe dereva. Niliviweka nyuma ya magunia ya chumvi. Yeye akahamishwa, Ambakisye akaja wakati wa kiangazi, barabara zikiwa kavu. Hakuna aliyemwambia. Aliyepaswa kumwambia ni mimi, kwa sababu vilikuwa mkononi mwangu.

"Viko ghalani," nikasema.

Ambakisye hakunitukana. Alisema tu kwamba vikifika, kuvifunga ni kazi ya nusu saa.

Deusi alishaanza kukunja suruali. "Mzee, nipe ufunguo. Mimi njia hii nakwenda mbio. Kijijini kwenu nina mjomba, watanijua."

Hapa sasa ndipo ninapotaka msome polepole.

Mtunza ghala aliyenitangulia aliondolewa kwa aibu. Alimpa shemeji yake ufunguo siku moja tu, ili yeye aende kula, na sukari ikapungua. Siku nilipochaguliwa nilisimama mbele ya kijiji kizima nikaapa kwamba ufunguo ule hautaingia katika mkono mwingine, hata wa mke wangu. Watu walicheka kwa hilo la mke, na Paulina alicheka nao. Nilikuwa nimeutunza karibu miaka miwili, umefungwa kwa kamba kiunoni, hata nikilala. Na huyu Deusi nilikuwa nimemfahamu kwa saa moja.

Nikasema nitakwenda mwenyewe. Hilo ndilo walilonisifia baadaye mkutanoni.

Ambakisye akaniangalia goti, maana anajua kwamba goti langu la kulia ni bovu. Akasema basi Deusi aende bila ufunguo, avunje kufuli, na kufuli jipya atalinunua yeye. Nikasema ghala la umma halivunjwi. Nilisema hivyo kwa sauti ya mkutanoni. Naona haya kuandika.

Paulina alikuwa anasikia yote. Aliita kutoka chini ya turubai, nikaenda. Uso wake ulikuwa umelowa, na midomo imepauka.

"Mpe, mume wangu," akasema. "Mpe ufunguo."

"Nitawahi," nikamwambia.

"Mpe."

Nikamfunika mguu uliokuwa unadondokewa na maji ya mvua ya usiku yaliyobaki kwenye turubai, nikaondoka. Ilikuwa saa nne.

Kwenda ghalani na kurudi

Nilitembea kwa nguvu zangu zote, na nguvu zangu ni za mtu wa miaka hamsini na miwili. Kwenye mteremko goti lilikataa, nikakata fimbo. Mto niliuvuka vizuri. Kwenye shamba la bega kwa bega yule msimamizi alinikimbilia na maswali. Nilidhani anauliza habari za mgonjwa, nikaanza kumweleza. Kumbe alitaka kujua kama kule wilayani nitasema neno juu ya zile ekari. Nilimwambia kwamba simo katika ukaguzi, lakini aliona nimerudi kwa miguu na fimbo, nikikagua mashamba. Alinisindikiza kipande kirefu akijitetea. Sikuwa na pumzi ya kumfukuza.

Nilifika kijijini saa saba. Wazee walikuwa wamekaa penye ofisi, nikawaamkia mmoja mmoja, kwa sababu sijawahi kupita wazee bila kuwaamkia, na kila mmoja aliuliza, na kila mmoja nilimjibu. Kwenye mlango wa ghala walikuwa akina mama watatu wenye vikapu. Walidhani nimekuja kugawa chumvi. Niliingia, nikasogeza magunia, nikatoa kile kifurushi. Vyuma vilikuwa vizuri, vina mafuta bado, havina hata kutu. Nikafunga mlango. Nikavuta kufuli mara mbili kuhakikisha. Wale mama wakaniuliza wangoje? Nikawaambia leo hapana.

Mvua ilianza saa nane nikiwa sijafika shamba la bega kwa bega. Haikuwa mvua ya mchezo. Nilipofika mtoni maji yalikuwa kifuani na yamekuwa meusi. Nilikaa kwenye jiwe, nimekumbatia vyuma viwili, nikingoja maji yapungue. Nilisali rozari nzima bila rozari, kwa vidole. Nilipomaliza niliona kina kimeshuka mpaka kiunoni, nikavuka nikiwa nimebeba vyuma kichwani.

Nilifika kona ya tatu saa kumi na moja. Deusi alikuwa amekaa barabarani, mgongo umeelekea gari. Aliponiona akasimama, akavua kofia yake, mvua ikimpiga kichwani. Ambakisye hakuwa anapiga mluzi.

Melania alishuka nyuma ya gari. Hakulia wala hakunifokea. Alisema amekufa saa tisa.

"Alikuuliza mara mbili kama umerudi," akasema. "Halafu hakuuliza tena."

Kupanda

Sikujua la kufanya na vyuma. Nilibaki navyo mkononi mpaka Ambakisye alipovichukua. Alivifunga, cha kushoto kisha cha kulia, bolti sita na sita, akapangusa mikono. Kweli ilikuwa nusu saa, au chini ya hapo. Akaniuliza tushuke au tupande. Melania akajibu kwamba mama yao yuko Matai, mtoto wake arudishwe kwake. Nikasema ndiyo.

Ambakisye akakandamiza kirungu cha njano. Magurudumu ya mbele yakashika udongo na gari likatoka mtaroni mara moja, bila kusukumwa. Deusi alikuwa amejiweka tayari kusukuma, akabaki ameinyoosha mikono. Kisha akaruka nyuma akakaa na Melania, kushika turubai lisipeperuke. Hakuna aliyemwomba. Lilipanda vizuri sana, kona ya nne, ya tano, zote. Sijapata kuona gari likipanda mlima vile.

Juu kulikuwa na baridi na ukungu, na mahindi ya watu yalikuwa mafupi bado, kama kawaida ya kule juu. Tuliingia Sumbawanga giza likianza. Penye njia ya kwenda hospitali Ambakisye alipunguza mwendo, akaanza kukata kona. Alikuwa amekuja na nia hiyo tangu asubuhi. Akakumbuka, akanyoosha usukani, akaniambia, "Nisamehe, mzee." Watu wa misheni walitupa chumba cha kumlaza. Walitupa na maharage na ugali wa ulezi. Hakuna aliyekula isipokuwa Deusi, na yeye alitugeuzia mgongo ili tusimwone.

Matai

Ijumaa mchana tulifika. Habari ilikuwa haijafika, kwa hiyo mama mkwe alipoona gari alidhani tumemletea mjukuu. Alitoka na kitenge mkononi, ameshakikunjua.

Sitaandika kilio.

Walipotulia kidogo aliniita ndani. Mimi kwa desturi sikai karibu na mama mkwe wangu, wala simtazami usoni. Nilikaa mlangoni, naye akakaa upande wa pili wa ukuta, Melania yuko kati yetu. Aliuliza tulichelewa wapi.

Melania akajibu kabla yangu. "Gari liliharibika, mama."

Alifanya hivyo kwa kunihurumia. Ningeweza kunyamaza. Mpaka leo Matai yote ingejua kwamba ni gari.

"Halikuharibika, mama," nikasema. Nikamweleza vyuma, na ghala, na ufunguo, na mtu aliyetaka kukimbia, na neno ambalo Paulina aliniambia. Nilieleza yote kwa mpango kama nilivyowaandikia ninyi. Nilipomaliza nikamsikia akiwaambia wanawake wampelekee chakula yule mtu mrefu, kwa sababu ndiye anayechimba kaburi tangu tulipofika. Kwangu hakusema neno, siku hiyo wala siku zilizofuata. Chakula changu kililetwa na watoto.

Tulimzika Jumamosi asubuhi, yeye na mtoto wake ndani. Padre alisali kwa Kilatini kidogo na Kiswahili. Hapo ndipo mngekuwepo, lakini hatukuwa na mtu wa kumtuma Chala, na mimi sikukumbuka. Mnisamehe kwa hilo pia.

Kushuka

Jumatatu tulirudi, watatu. Melania alibaki kwa mama yake. Jua lilikuwa kali na barabara ilishakauka, gari likishuka kwa magurudumu ya nyuma tu bila taabu. Ambakisye alijaribu mluzi mara moja akauacha. Deusi alikaa kati yetu mbele, magoti yake yamegusa dashibodi, akitutajia mashamba ya nani na nani tulipopita.

Kwenye kona ya tatu Ambakisye alisimamisha gari. Matawi tuliyotandika yalikuwepo bado, yamekauka majani. Deusi alitaka kushuka, na mimi ndiye nilikuwa mlangoni. Sikumpisha.

"Deusi," nikasema, "siku ile ungekwenda na kurudi kwa muda gani?"

Aliangalia mikono yake.

"Mvua ilikuwa kubwa, mzee. Mto ulijaa. Na mimi ningekwama kama wewe."

"Mvua ilianza saa nane. Saa nane wewe ungekuwa umefika hapa."

Ambakisye alitazama nje upande wake. Nikafungua mlango nikashuka, na Deusi akashuka. Alichukua jembe lake nyuma, akasema, "Tutaonana, mzee," akapanda kwenye shamba lake la ulezi. Siku zote alizokuwa na sisi ngedere walikuwa wameingia. Upande mzima wa juu ulikuwa umelala. Alisimama akiuangalia, kisha akalaza jembe chini, akapiga magoti, akaanza kuinua mabua, moja baada ya jingine, akiyaegemeza kwa udongo.